Javeli nayo inaua mikrobu

Jumamosi nilikuwa kwenye kilio, Bagira, hapa Bukavu. Tumetoka kuzika, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, chai inapita, na baba mdogo akachomoa kichupa ndani ya koti kama mtu anayetoa hati ya kiwanja. Maji ya rangi ya dimbwi, kifuniko cha soda, lebo imechapwa kwa kompyuta: "MUBIRIZI SAFI. Inaua mikrobu 5. Imepimwa labo ya chuo kikuu." Mubirizi ni ule mmea wa majani machungu. Chini, kwa herufi ndogo, kichwa cha memwari, yaani tasnifu ya mwanafunzi.

Memwari hiyo niliisimamia mimi.

"Umeona, mama?" akasema. "Nyie benyewe mulipimaka. Iko naua!"

Ni kweli tulipima. Ni kweli pia kwamba iliua. Na kama kuna sentensi nimeichoka katika miaka yangu yote ya kuchemsha majani ya watu, ni hiyo: imeua mikrobu kwa labo, basi inaponya. Wanafunzi wananiambia, wachungaji wananiambia, waandishi wa redio wananiambia, na daktari mmoja (daktari!) aliniambia kwenye foleni ya benki. Javeli, ile ya kung'arishia nguo, nayo inaua mikrobu. Kanyanga, pombe kali, inaua. Siki, chumvi ya kutosha, maji yanayochemka, jua la saa saba, vyote vinaua. Ukimwaga mkojo wa betri, ile asidi yake, kwenye sahani ya petri tunayokuzia mikrobu, utapata duara lisilo na mikrobu, zuri kuliko maduara yote ya memwari zetu, na hakuna atakayeuweka kwenye chupa na kuuza.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo hasira yangu inapokaa.

Ile memwari ilipata CMI, yaani kiwango kidogo kabisa kinachozuia mikrobu kuota, ya miligramu 50 kwa mililita. Mwanafunzi aliiandika kwa wino mzito, juri ya watahini ikapiga makofi. Sasa chukua mtu wa kilo 60. Maji yaliyomo mwilini mwake ni kama lita 36. Ili ekstre, dondoo la majani, ifikie kiwango kile cha kwenye sahani katika maji hayo yote, unahitaji gramu 1800 za ekstre kavu. Mubirizi wetu ulitoa gramu 10 za ekstre kwa gramu 100 za majani makavu, kwa hiyo leta kilo 18 za majani makavu. Jani bichi ni maji matupu, tuseme sehemu nne kwa tano, basi ni kilo 90 za majani mabichi. Huo ni mzigo wa kumtoa jasho hata mama mmoja wa wale wanaopanda na magunia mgongoni kutoka sokoni Kadutu. Na hapo nimedhani kwamba tumbo linafyonza kila kitu, ini halivunji chochote, na figo zimelala.

Utasema nimeonea, mikrobu haziogelei katika maji yote ya mwili. Sawa, chukua damu peke yake, lita 5. Bado ni kilo 12 na nusu za majani mabichi, kwa mkupuo mmoja.

Gentamicini, antibiotiki tuliyoiweka pembeni kama kipimo, ilikuwa inafanya kazi kwenye mikrogramu 1 au 2 kwa mililita. Mikrogramu, si miligramu: ni ndogo mara elfu. Wengi tunaofanya kazi hii tunaona kwamba ekstre ikihitaji zaidi ya mikrogramu 100 kwa mililita haina la kutuambia. Yetu ilihitaji mara 500 ya hapo. Kwa kiwango hicho sijui hata kama ni kemia ya mmea iliyoua, au bakteria zilikosa tu nafasi ya kupumua ndani ya uji ule.

Baba mdogo si mjinga, ni fundi umeme, anajua kutofautisha volti na ampea. Akaniuliza: "Na kama mikrobu ziko palepale tumboni, ama kwenye kidonda, si dawa inazikuta bila kupita kwenye damu?" Swali zuri kuliko yote niliyosikia kwenye juri. Ni kweli: kwenye ngozi unaweza kupaka miligramu 50 kwa mililita bila kumuua mtu, na utumboni kiwango kinaweza kuwa kikubwa. Hapo nanyamaza na kusikiliza. Ila ukitaka kuniambia habari za kidonda, pima kidonda. Usipime sahani halafu ukauze chupa ya kunywa dhidi ya tifoidi.

Halafu kuna tanini. Hapa naomba uvumilivu, maana ni jambo dogo linaloharibu nusu ya kazi zetu. Ukitafuna ndizi mbichi, ulimi unakauka na kukaza. Hiyo ni tanini inayoyakamata maprotini ya mate na kuyagandisha. Haichagui. Inakamata protini ya mate, ya bakteria, ya nyama uliyokula jana, hata ya ngozi ya ng'ombe, ndiyo maana watengenezaji wa ngozi wanaitumia. Weka majani ya mapera kwenye petri, bakteria za stafilokoki zinakufa, furaha. Sasa changanya ekstre ileile na jelatini kidogo, chuja, jaribu tena. Mara nyingi duara linasinyaa au linapotea kabisa, kwa sababu tanini imeshapata kitu kingine cha kushika. Na ndani ya tumbo la mtu aliyekula bugali na sombe na samaki, vitu vya kushika ni vingi mno. Jaribio la jelatini ni la nusu siku. Katika memwari nilizosoma mwaka huu, sikumbuki hata moja iliyolifanya.

Tatizo hili halipo Bukavu tu. Mwaka 2010 wanakemia Baell na Holloway walichapisha vichujio vya kutambua molekuli zinazojibu "ndiyo" kwa karibu kila jaribio, ili watu waache kupoteza miaka wakizifukuza. Manjano tunayoitia kwenye pilau ina moja ya hizo, kurkumina. Ikang'aa kwenye maelfu ya makala, na mwaka 2017 kundi la wanakemia likaandika waziwazi kwamba haidumu, inavunjika upesi, haifyonzwi vizuri, na inadanganya vipimo. Bado naletewa mapendekezo ya tasnifu za udaktari juu ya kurkumina. Sawa, leteni.

Rafiki yangu anayefundisha fasihi ya Kiswahili ananiambia napigana na kamusi. Neno "dawa", anasema, halijawahi kuahidi kuponya. Dawa ya panya inaua panya, dawa ya mende inaua mende, dawa ya viatu inang'arisha, dawa ya moto ni moto. Kwa hiyo mtu akisikia "inaua mikrobu", tayari kwa Kiswahili amesikia "ni dawa ya mikrobu", na hajakosea. Nilimpa nusu ya alama. Watu haohao wanaosema dawa ya panya hawainywi. Lugha inajua tofauti. Sisi wa labo ndio tunaoisahau tukifika ukurasa wa mwisho.

Na ukurasa wa mwisho, jamani! Kila memwari inafunga kwa sentensi moja: "Matokeo haya yanathibitisha matumizi ya mmea huu katika tiba ya jadi." Nimeisoma mpaka naiota. Haithibitishi. Bibi alikuwa anatumia maji, wewe umetumia metanoli, alkoholi ya labo. Yeye alikuwa anatibu minyoo, wewe umepima bakteria ya E. koli. Yeye alichuma jani changa asubuhi, wewe umekausha matawi juu ya mabati. Hata sokwe wa Mahale, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wanaotumia mubirizi uleule, wameonekana wakitupa majani na gome kisha wakatafuna kiini cha ndani cha shina. Majani na gome vimejaa vernodalina, ambayo ikizidi ni sumu. Sokwe anachagua sehemu. Lebo ya baba mdogo haisemi hata kama ni jani.

Ile sentensi ilikuwa kwenye memwari niliyosimamia. Niliiona. Ilikuwa siku mbili kabla ya utetezi, umeme umekatika, mwanafunzi ana deni la ada, nikaweka sahihi. Sasa iko kwenye chupa.

Mwenye kutaka mfano mkubwa, tunao hapahapa nyumbani. Miti ya kinkina ilipandwa Kivu tangu wakati wa Wabeleji, na kinini, dawa ya malaria, imetengenezwa Bukavu miaka mingi kutoka kwenye magome yake. Nani wa hapa hajawahi kuvumishwa masikio na kinini? Pelletier na Caventou waliitoa kwenye gome mwaka 1820, na hakuna mwenye shaka kwamba inaua kimelea cha malaria. Kwenye sahani inaua, kwenye damu inaua, kwa mtoto aliyepoteza fahamu inaua. Si ekstre ya uji, ni molekuli safi yenye karne mbili za heshima.

Basi mwaka 2010 yakatoka matokeo ya jaribio lililoitwa AQUAMAT: watoto 5425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo. Nusu walipewa kinini ya sindano, nusu artesuneti, dawa inayotokana na artemisinini ya mmea wa artemisia. Zote mbili zinaua kimelea. Ungesoma sahani peke yake ungesema shilingi kwa ya pili. Waliopewa kinini walikufa asilimia 10.9. Waliopewa artesuneti, asilimia 8.5. Wahesabu: ni watoto 24 zaidi wanaobaki hai kwa kila 1000.

Tofauti imetoka wapi? Artesuneti inaua vimelea vikiwa bado vichanga, umbo la pete, kabla havijafanya seli za damu zinate kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo na figo. Kinini inakuja kufanya kazi vizuri kimelea kikishakua, na wakati huo kuziba kumeshaanza. Tena kinini inashusha sukari ya damu kwa mtoto ambaye tayari hana. Hakuna sahani ya petri yenye mishipa ya ubongo. Hakuna sahani inayopungukiwa sukari. Ndiyo maana watu walilazimika kuhesabu watoto, na hakukuwa na njia ya mkato, hata kwa kitu tunachokijua kama kinini.

(Najua mtaniuliza juu ya chai ya artemisia. Artemisinini haipendi maji, mwanasayansi wa China Tu Youyou aliipata kwa kutumia etha, kiyeyusho cha labo, badala ya kuchemsha, na kiasi kinachoingia kwenye kikombe hakitabiriki. Shirika la Afya Duniani liliikataa chai hiyo mwaka 2019. Huenda flavonoidi, kemikali nyingine za jani, zinaongeza kitu, hilo siwezi kuapa kwamba halipo. Lakini sitakuambia uitegemee mtoto akiwa na homa.)

Sasa upande unaoninyima usingizi. Sahani inakosea pande zote mbili. Prontosil, dawa ya bakteria ya Mjerumani Domagk iliyookoa watu wengi miaka ya 1930, haikuwa inaua kitu kwenye bomba la kioo. Ilikuwa inaponya panya na bado bombani iko kimya. Mwaka 1935 watu wa Taasisi ya Pasteur, Paris, wakaonyesha kwamba mwili wenyewe unaikata na kutoa sulfanilamidi, na hiyo ndiyo inayofanya kazi. Kama Prontosil ingekuwa jani la Walungu likapita labo yangu, ningeliandika "haina nguvu" na kulitupa. Nimetupa majani mangapi hivyo? Daftari langu lina mimea zaidi ya 60 yenye mstari mwekundu.

Tena kuna siri nyingine. Ua wa mubirizi ulio nyuma ya nyumba yangu niliupima mara mbili, mwezi wa nne na mwezi wa saba. Jani lilelile, mkono uleule, matokeo ya kiangazi yalikuwa na nguvu karibu maradufu. Sikuyachapisha, kwa sababu sikujua niandike lipi. Injinia mmoja tunayefanya naye kazi ya vikaushio vya jua aliniuliza jambo dogo tu: "Mnakausha kwa nyuzi ngapi, na kwa saa ngapi?" Watu wanne wa labo, wote wana diploma, tukatazamana. Tulikuwa tunakausha "mpaka yakauke". Yeye hawezi kutengeneza hata sufuria kwa maelezo ya namna hiyo, na sisi tulikuwa tunataka kutengeneza dawa.

Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa. "Basi ninywe ao nisinywe?"

Nikamwambia akiwa na homa aende kituo cha afya wamtoboe kidole kwanza. Chupa baadaye. Akasema homa hana, ila akinywa anapata hamu ya kula. Hapo sikubishana, mimi mwenyewe nikilemewa na bugali natafuna jani moja la pale uani, na sijawahi kulipima kwa kazi hiyo. Kitu kimoja tu nilimwomba: aondoe maneno ya labo kwenye lebo.

Akacheka. Amechapisha 200, amekwisha kulipa. Tulichokubaliana ni kwamba atafuta neno moja kwa kalamu. Yeye anataka kufuta "5". Mimi nataka afute "imepimwa". Mpaka leo anapiga simu.