Taa haitoi pointi: Tan Xue na haki ya shambulizi

Jumamosi nimeulizwa tena. Nilikuwa nawaonyesha wanafunzi wangu pambano la Tan Xue wa China, mchezaji wa vitara, yaani mchezo wa kupigana kwa panga; taa mbili zikawaka, kila mmoja kamgusa mwenzake, refa akampa mpinzani, na kijana mmoja akainuka: "Kocha, dada kaonewa! Taa yake imetangulia."

Najua imani hiyo inatoka wapi. Wengi wetu tuliuzoea mchezo wa vitara kupitia Alexandra Ndolo, aliyeiwakilisha Kenya Paris mwaka 2024. Ndolo alicheza epe, aina mojawapo ya vitara. Kwenye epe anayetangulia kugusa anapata pointi, na mkigusana kwa pamoja kila mmoja anaandikiwa yake. Seba, aina aliyocheza Tan Xue, si epe, jamani! Kwenye seba taa inakwambia upanga umegusa, basi. Pointi ni ya mwenye haki ya shambulizi.

Na kushambulia si kwenda mbele tu. Kanuni inataka mkono unaonyooka huku upanga ukitishia mwili wa mwenzako. Ukikosa, au akikinga, zamu inahamia kwake. Ukisitasita njiani, naye akaanza, umempa. Mkianza sawasawa na taa zote mbili zikawaka, hakuna pointi. Kasi inaamua pale tu unapomwacha mwenzako mbali: mashine ikishasajili mguso wa kwanza, inamfungia wa pili, haimwashii taa tena, baada ya milisekunde 170. Muda huo wenyewe umebadilishwa zaidi ya mara moja. Kabla ya 2016 ulikuwa 120.

Kuna jambo vitabu vinalipitia juujuu. Kanuni imeandika mkono, lakini kwenye mashindano anayesonga mbele bila kukatisha mara nyingi hupewa shambulizi hata kiwiko chake kikiwa bado kimekunjwa. Alianza lini hasa? Nimewahi kurudisha mkanda wa mguso mmoja mara kumi, polepole, na mara ya kumi nikabadilisha uamuzi wangu. Refa anafanya kazi hiyo kwa kupepesa jicho. Tena Tan Xue alisifika kwa ngurumo yake baada ya kugusa. Marefa husema kelele haziwayumbishi. Mimi sijaridhika na jibu hilo.

Ndiyo maana nauheshimu sana mwendo wake. Alizaliwa Tianjin mwaka 1984, na mwaka 2002, akiwa na miaka 18, akawa bingwa wa dunia Lisbon. Athens 2004, seba ya wanawake ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, alifika fainali akafungwa na Mariel Zagunis wa Marekani, aliyeingia mashindanoni baada ya Nigeria kuiacha nafasi yake. Beijing 2008, mbele ya watu wa nyumbani, yeye na wenzake wa China waliikosa dhahabu ya timu mikononi mwa Ukraine kwa 45-44. Mguso mmoja! Kumwambia binti wa namna hiyo kwamba alishindwa na taa ni kumpunja. Alitumia miaka yote hiyo kujifunza kumshawishi refa kwa mkono na hatua kwamba shambulizi ni lake, na kumnyang'anya mwenzake zamu kwa kukinga.

Jumamosi ijayo nitazifunika taa kwa karatasi na kuzima sauti. Kila mmoja atataja nani alianza, na atanionyesha ni mkono upi uliomwambia.