Je, wajua kwa nini mche uliochipua gizani huwa wa njano, na ni nini huufanya uwe wa kijani?

Inua ubao uliolala chini kwa wiki moja au mbili. Mara nyingi utakuta miche iliyochipua humo gizani: mirefu kupita kiasi, myembamba, rangi ya njano iliyofifia, vichwa vimejikunja kama ndoano. Iache wazi. Kesho yake itakuwa imenyoosha shingo, imekunjua majani, na ukijani umeanza kuishika.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba mmea hauwezi kutengeneza klorofili, ile rangi ambayo vitabu vya shule huiita umbijani, bila mwanga. Kwa mimea inayotoa maua hilo ni kweli. Lakini linaficha jambo ambalo mimi huliona zuri zaidi. Katika mche ule mwanga una kazi mbili. Kwanza unaleta habari kwamba giza limekwisha. Kisha mwanga huohuo unaingia kiwandani na kukamilisha, kwa nguvu yake wenyewe, hatua moja ambayo bila huo haifanyiki. Habari inapokelewa na molekuli moja, kazi inafanywa penye nyingine, na zote mbili zina asili moja.

Tuanze na habari. Huko Beltsville, jimbo la Maryland nchini Marekani, katika kituo cha utafiti cha Wizara ya Kilimo, mtaalamu wa mimea Harry Borthwick na mkemia Sterling Hendricks walikuwa wakichunguza pamoja na wenzao mbegu za saladi za aina ya Grand Rapids. Mbegu hizo zikiloweshwa na kuwekwa gizani, nyingi hazioti. Walizimulika kwa mwanga mwekundu kwa muda mfupi, wakazirudisha gizani, zikaota. Walipofuatisha mwekundu kwa nyekundu ya mbali, ule mwekundu wa ukingoni ambao jicho la binadamu haliuoni vizuri, mbegu nyingi hazikuota. Wakapokezanisha mwanga huu na ule mara kadhaa. Haikujalisha walirudia mara ngapi, mbegu zilifuata mmuliko wa mwisho. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1952, nao wakahitimisha kwamba ndani ya mbegu kuna kitu kimoja chenye hali mbili, kinachogeuzwa huku na kurudishwa kule. Mwaka 1959 kundi la Beltsville lilifaulu kukipima kwa mashine. Kikaitwa fitokromu.

Kwa nini nyekundu mbili, na si bluu au kijani? Jani lililo juu yako linanyonya mwanga mwekundu, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 660, kwa ajili ya usanisinuru, lakini ule wa nanomita 730 hivi linaunyonya kidogo sana, na mwingi wake hupita au huakisiwa. Kwa hiyo mbegu iliyo chini ya kivuli cha majani hupata nyekundu ya mbali kwa wingi, na iliyo mahali pa wazi hupata zote mbili. Kwa kulinganisha rangi mbili tu, fitokromu hutofautisha kati ya uwanja wazi na kivuli cha jirani.

Fitokromu ni protini, na protini tupu haina rangi wala hainasi mwanga wa kuonekana. Inahitaji kushikilia kitu chenye rangi, nacho ni bilini: pete nne ndogo zilizounganishwa mstari mmoja kama mkufu uliokatwa. Mwanga mwekundu ukiipiga, kiungo kimoja karibu na ncha kinajipinda na pete ya mwisho inageuka. Mpindo huo mdogo unabadilisha umbo la protini nzima. Fitokromu iliyoamka huingia ndani ya kiini cha seli, ambamo hukutana na protini ziitwazo PIF zinazoshikilia maisha ya gizani: refuka, jikunje, usifungue majani. Inazifanya zivunjwe. Amri zile zikiondoka, jeni nyingi hubadilisha mwendo kwa pamoja.

Bilini hiyo inatoka kwenye hemu, molekuli ya duara yenye chuma katikati, ileile inayofanya damu yetu iwe nyekundu. Mimea nayo huitengeneza kwa matumizi yake. Kimeng'enya cha kwanza, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kemikali, kinaikata pete na kuachilia chuma, inapatikana biliverdini, ambayo ni ya kijani. Hatua hii hufanyika hata mwilini mwako. Damu ikivilia chini ya ngozi baada ya kujigonga, ukijani unaojitokeza siku chache baadaye ni biliverdini. Toka hapo njia zinaachana. Mwili wetu unaigeuza kuwa bilirubini ya njano, nao mmea unaipeleka kwa kimeng'enya kingine kinachoifanya kuwa bilini ya fitokromu.

Vimeng'enya hivi vilifikiwa kupitia mimea iliyokosea. Mwaka 1980 Maarten Koornneef na wenzake nchini Uholanzi walieleza miche ya Arabidopsis, gugu dogo linalopendwa sana na maabara, ambayo ilirefuka kwenye mwanga kana kwamba iko gizani. Baadhi yake ilikuwa na protini ya fitokromu, ila haikuweza kutengeneza bilini ya kuijaza. Ilikuwa na macho yasiyo na mboni. Jeni la kimeng'enya kile cha pili, liitwalo HY2, lilitambuliwa mwaka 2001 na watafiti wa Japani kwa kushirikiana na maabara ya J. Clark Lagarias katika Chuo Kikuu cha California, Davis. Huyu ni mwanasayansi aliyeanza na kemia ya bilini zenyewe, akaingia kwenye vimeng'enya vinavyozitengeneza, akafika kwenye protini zinazozivaa.

Sasa ile asili moja. Hemu na klorofili huanza safari pamoja, kutoka asidi amino (tofali la kujengea protini) iitwayo glutamati, hatua kwa hatua hadi kwenye duara liitwalo protopofirini. Hapo njia inagawanyika. Duara likitiwa chuma linakuwa hemu, na humo ndimo hutoka bilini inayoona mwanga. Likitiwa magnesi linaelekea kuwa klorofili. Kwa hiyo kinachotambua kwamba kumekucha na kinachokula jua mchana kutwa ni ndugu wa karibu.

Upande wa magnesi, karibu na mwisho, kuna kimeng'enya kiitwacho POR. Kazi yake ni kuongeza hidrojeni mbili kwenye molekuli iitwayo protoklorofilidi. Gizani POR huishika molekuli hiyo, hushika na kemikali ya kutoa hidrojeni, kila kitu kikiwa tayari, kisha inasubiri. Chembe ya mwanga ikigonga protoklorofilidi, ndipo hidrojeni inahama. Ukitia joto badala ya mwanga hupati kitu. Vimeng'enya vinavyojulikana kuendeshwa moja kwa moja na mwanga namna hii ni vichache mno katika viumbe vyote.

Kusubiri huko kuna hatari yake. Protoklorofilidi iliyozagaa bila kushikwa na POR, ikimulikwa, hupitisha nguvu kwa oksijeni na kuifanya kali, ikachoma seli kutoka ndani. Mwaka 2001 kundi la Klaus Apel huko Zurich lilieleza mche wa Arabidopsis uliopoteza breki ya kutengeneza molekuli hiyo. Gizani ulijilimbikizia protoklorofilidi kupita kiasi, na ulipotolewa kwenye mwanga ulikufa. Mwaka 2004 ikaonyeshwa kwamba PIF1, mojawapo ya zile protini za gizani, nayo husaidia kupunguza malimbikizo hayo. Ninapenda sana mantiki hii. Protini inayouambia mche "bado ni usiku" ndiyo pia inayouzuia usijirundikie kitakachouunguza asubuhi.

Si mimea yote iko hivi. Misonobari na miani mingi wana, pamoja na POR, kimeng'enya kingine kisichohitaji mwanga, na mche wa msonobari unaweza kupata ukijani gizani. Mimea inayotoa maua haina kimeng'enya hicho.

Je, kazi hizi mbili za mwanga zinaweza kutenganishwa? Mwaka 2007 Lagarias na Yi-shin Su walichapisha jaribio linalojibu hilo vizuri. Katika fitokromu ya Arabidopsis iitwayo phyB walibadilisha asidi amino moja tu, ya 276: tirosini ikaondolewa, histidini ikawekwa. Fitokromu hiyo ikawa imeamka muda wote, mwanga uwepo usiwepo. Mche wenye jeni hilo ukioteshwa kwenye giza totoro unaishi kama wa mchana: shina fupi, shingo imenyooka, majani machanga yamefunguka. Habari imeshafika, ingawa ni ya uongo. Ila majani hayo hayawi ya kijani, kwa sababu POR haisikilizi habari. Inahitaji mwanga wenyewe. Mche umesimama tayari gizani, majani wazi, na ungali wa njano.