Rangi iliyovuka bahari

Vijana ninaowafundisha ufundi wa mitambo huniuliza: ilikuwaje Unguja ikawa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara walingoja hadi 1994? Afrika Kusini yenyewe, pamoja na utajiri wake, ilianza rasmi 1976.

Kule Bara serikali iliona televisheni ni anasa. Huku Serikali ya Mapinduzi ilikuwa na fedha za karafuu, na utangazaji ulikuwa mkononi mwake. Televisheni ya Zanzibar (TVZ) ikajengwa Karume House, enzi za Mzee Aboud Jumbe. Na kwa kuwa hapakuwa na mitambo ya nyeusi na nyeupe ya kuilinda, ikaanza na rangi moja kwa moja.

Mfumo wenyewe wa kurusha rangi ulikuwa PAL: kila picha ina mistari 625, picha 25 kwa sekunde. Ninaupenda mfumo huu kwa jambo moja. Mawimbi yakipita juu ya bahari, mengine hudunda majini na kufika yamechelewa, na kuchelewa huko huvuruga rangi. Uso wa mtu ungeweza kugeuka kijani. PAL hupindua sehemu ya mawimbi ya rangi kila mstari wa pili, kosa la mstari huu likafutana na la mstari unaofuata. Kwa visiwa vyetu, ni kama ulibuniwa kwa ajili yetu.

Ndiyo maana watu wa Dar es Salaam, kilomita 70 hivi kutoka hapa, waliitazama TVZ miaka mingi kabla ya kuwa na kituo chao. Walifunga antena juu ya boriti ndefu, wakazielekeza Unguja. Siku bahari imetulia, hewa kavu yenye joto ikilalia ile yenye unyevu, mawimbi hupinda na kufuata mgongo wa bahari, na picha huja safi mbali kuliko mahesabu.

Sasa TVZ na redio vimo ndani ya Shirika la Utangazaji Zanzibar (ZBC), na tumehamia dijitali. Zamani munyu ukila viungio vya waya mnarani, chenga zilianza kidogo kidogo, nasi tukapanda kusafisha. Dijitali haina chenga: picha inang'aa mpaka dakika ya mwisho, halafu inakatika. Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu wasiamini skrini. Wapande na kipimo, kila wiki, hata kama hakuna aliyelalamika.