Kuwakilisha ziwa na kulichora ni mambo mawili

Wiki iliyopita nilimsikia tena mtu redioni, mtu mwenye elimu yake, akieleza kwamba modeli za tabianchi za siku hizi "zinawakilisha maziwa yetu vizuri, maana ukifungua ramani Ziwa Viktoria unaliona pale." Kauli hiyo nimekutana nayo kwenye warsha na vikao hadi nimechoka kunyamaza.

Maana yenyewe ni fupi. Modeli ya tabianchi ya kanda ni programu ya kompyuta inayogawa sehemu moja ya dunia, tuseme Afrika Mashariki, katika visanduku vyenye upana wa kilomita 50, 25 au hata chini ya 10, kisha ikakokotoa joto, upepo, unyevu na mvua ya kila kisanduku, huku mipakani ikilishwa takwimu za modeli ya dunia nzima. Kuwakilisha ziwa humo ni kuvipa visanduku vya maji hesabu zitakazovifanya vibadilishane joto na mvuke na hewa iliyo juu yake, na kuukinza upepo, kama ziwa linavyofanya.

Turudi kwenye neno, maana ndiko kosa linakoanzia. "Wakilisha" limetoka kwa wakili, na wakili ametoka kwenye Kiarabu, mzizi wa kukabidhi jambo. Humo humo tumepata wakala, uwakala, na hata tawakali, yaani kumkabidhi Mungu mambo yako. Katika ukoo huo wote hakuna neno lenye maana ya kufanana. Bwana harusi aliye Muscat anaweza kumpa mtu uwakili akamwozeshe Tanga, na nikaha ikasihi. Wakili huyo si lazima awe na sura yake, kimo chake wala sauti yake. Anachotakiwa ni kutamka kwa niaba yake "nimekubali" mahali pale na wakati ule. Picha ya bwana harusi, hata ikiwa kubwa na safi namna gani, haifungi ndoa. Mwakilishi wa Zanzibar naye hapelekwi barazani kwa kuwa anafanana na watu wa jimbo lake. Anapelekwa akaseme na kupiga kura ambavyo wao wangefanya.

Kwa hiyo doa la buluu kwenye ramani ya modeli ni picha ya bwana harusi. Wakili ni hesabu iliyo chini ya doa hilo.

Na ziwa lina kazi nyingi za kufanyiwa kwa niaba. Kilo moja ya maji huhitaji joto mara nne au tano zaidi ya kilo ya udongo mkavu ili ipande nyuzi moja, na jua hupenya ndani ya maji huku upepo ukiyakoroga. Ndiyo maana mchana nchi kavu hupata moto upesi na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Usiku mambo hugeuka: bara hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na upepo hushuka kutoka pande zote kuelekea majini. Watu wa Pwani wana jina la upepo huo wa alfajiri utokao bara, huuita umande. Juu ya Ziwa Viktoria pepo hizo za kila upande hukutana katikati, hewa yenye mvuke hupanda, na kabla hakujapambazuka radi huanza kupiga juu ya mitumbwi ya wavuvi wa dagaa. Modeli isiyojua kwamba maji hubaki na joto usiku haiwezi kuizaa dhoruba hiyo, hata ramani yake iwe na kila kisiwa cha Ukerewe na Ssese.

Ukiuliza modeli fulani imefanya nini, utapata majibu ya ngazi tofauti. Ya chini kabisa, kisanduku kimeandikwa majani au kinamasi, na ziwa halipo. Inayofuata ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu ndiyo inayopita kama uwakilishi: kisanduku kimeandikwa maji, lakini joto la uso wake limeazimwa kutoka bahari iliyo karibu. Ziwa lililo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari linapewa joto la Bahari ya Hindi, mamia ya kilomita mashariki. Mnamo Machi bahari ya pwani yetu huwa na joto kuliko ziwa, kwa hiyo modeli hutoa mvuke kupita kiasi, na mtafiti hubaki akishangaa mvua nyingi.

Ngazi ya juu yake ndipo uwakili unapoanza. Kuna hesabu ya joto la ziwa ya mtafiti Hostetler, iliyounganishwa na modeli ya kanda mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kuna FLake ya Dmitrii Mironov wa idara ya hali ya hewa ya Ujerumani, ambayo huliona ziwa kama tabaka mbili: la juu lililokorogeka, na la chini ambamo joto hupungua kwa umbo linalojulikana. Kwa kutumia FLake, mtafiti Wim Thiery na wenzake walichapisha mwaka 2015 matokeo ya modeli iliyoendeshwa mara mbili, ikiwa na maziwa makuu na ikiwa bila. Maziwa yalipokuwepo, mvua juu ya Ziwa Viktoria ilikaribia kuwa maradufu.

Hata wakili huyo ana mipaka ya hati yake. Kila kisanduku ni safu ya maji iliyosimama peke yake, haizungumzi na jirani. FLake haikutengenezwa kwa maji ya kina kirefu, kwa hiyo Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofikia mita 1,470, huwekewa sakafu ya bandia kwenye mita 50 au 60. Kusi inapovuma, maji ya juu ya Tanganyika husukumwa kaskazini na maji baridi huibuka upande wa kusini, kwenye Mpulungu ya Zambia, lakini safu zisizozungumza haziwezi kulifanya hilo. Mwaka 2004 watafiti Song, Semazzi, Xie na Ogallo waliunganisha modeli ya kanda na modeli ya bahari yenye pande tatu ili maji ya Ziwa Viktoria yaweze kutembea. Gharama yake ni kazi kubwa ya kompyuta, na ndiyo sababu wengi hawafanyi hivyo.

Basi ndugu yangu wa redioni, nakuomba kwa heshima: ukiliona ziwa kwenye ramani ya modeli, sema "ziwa limeonyeshwa." Ukishauliza joto la uso wake linatoka wapi, na ukajibiwa kwamba modeli inalikokotoa yenyewe, hapo sema "limewakilishwa," na mimi nitakuunga mkono.