Panadol "haijashika", sasa unaongeza nini?

Jana tena. Jamaa kaingia hapa kemisti anashika kichwa, ati "Daktari, nimemeza Panadol mbili asubuhi haijashika, nikaongeza tembe za Mara Moja, sasa nipatie ile ya mafua iko na nguvu." Nikamuuliza mbona anachanganya hivyo, jibu ni lile lile la kila siku hapa Nairobi: "Si ni dawa tofauti?"

Jamani, si tofauti! Zote tatu zina parasetamol ndani. Lile jina kubwa la rangi ni la kampuni, dawa yenyewe imeandikwa chini kwa herufi ndogo, hiyo ndiyo usome. Na shida kubwa ni hizi tembe za kuuziwa mbili mbili kwa kiosk, mwenye duka anakata karatasi na mkasi, unabaki na kipande kimeandikwa "...tamol" upande mmoja na tarehe ya kuharibika imeenda na mteja mwingine. Hapo hata mimi siwezi kukwambia umemeza nini. Omba uonyeshwe pakiti nzima kabla hujalipa.

Hesabu ni rahisi: mtu mzima, tembe moja au mbili za miligramu 500, ngoja masaa manne hadi sita, na zisipite 8 kwa masaa 24, ukihesabu zile za mafua pia. Kama wewe ni mwembamba sana, unakunywa pombe kila siku ama ini lina shida, 8 ni nyingi kwako, uliza kwanza.

Watu wanadhani ukizidisha utajisikia vibaya papo hapo. Hapana, na hii ndiyo inaniuma roho, kwa sababu siku ya kwanza unaweza kutapika kidogo tu au usisikie chochote, unaenda kazi, na ini linaendelea kuharibika, macho yanakuja kuwa manjano siku kadhaa baadaye. Dawa ya kuokoa ini ipo, asetilsisteini, lakini inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya masaa 8. Kwa hivyo umezidisha? Nenda hospitali saa hiyo hiyo na pakiti mkononi, usingoje dalili.

Halafu kuna wa "nipee kali basi". Brufen na Diclofenac si Panadol kubwa, ni aina nyingine kabisa. Zinachubua tumbo na kubana figo. Mwenye ulsa, mwenye figo mbaya, mjamzito kuanzia wiki ya 20, wengine wenye pumu, usiguse bila kuongea na daktari. Mzee anayemeza dawa za presha pamoja na ile ya kukojoza, ukimwongezea Diclofenac ya magoti figo zake zinaweza kugoma, na yeye hununuliwa dawa na mtoto wake ambaye hata hajui mzee anameza nini. Aspirini usimpe mtoto chini ya miaka 16.

Sasa niseme ukweli. Parasetamol ilianza kupewa wagonjwa 1893 na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana inatuliza maumivu kwa njia gani hasa. Na ule utafiti wa Australia wa 2014 ulionyesha kwa mgongo ulioanza kuuma ghafla haikuharakisha kupona kushinda tembe ya bure isiyo na dawa. Kwa hivyo wewe wa mgongo ukisema haishiki, pengine uko sawa kabisa, na mimi naona vigumu kukuuzia. Ila isiposhika, kuongeza haisaidii!

Wale wa kichwa kila siku: ukimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, au siku 10 kwa zile za mchanganyiko, zenye dawa zaidi ya moja ndani, hiyo dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inaleta kichwa. Njoo tupime presha kwanza. Na kama umetoka Kisumu ama Pwani juzi na homa inarudi kila Panadol ikiisha nguvu, acha kununua tembe kwangu, pimwa malaria leo.