Kwa nini katoni ileile ya sabuni ina bei mbili kwa muuza jumla mmoja?

Kaa nusu saa kwenye duka lolote la jumla Kariakoo, utaliona. Naingia mimi kutoka Mbagala, naambiwa katoni ya sabuni ya mche ni 41,000. Dakika kumi baadaye anaingia mwenzangu wa Tandika, anasalimia, anaulizia watoto, analipa 40,000 kwa katoni ileile. (Bei nazitaja kwa mfano, maana zenyewe hupanda na kushuka kila wiki.) Miaka yangu ya mwanzo dukani nilikuwa nasema huo ni upendeleo. Nilikosea. Muuza jumla alikuwa anapiga hesabu ambayo mimi sikuwa naiona.

Kwenye sukari, unga, mafuta na sabuni, faida yake kwa kila mfuko au katoni ni ndogo mno. Anaishi kwa mzunguko: pesa itoke, mzigo uondoke, pesa irudi. Kwa hiyo kila anayeingia anapimwa kimyakimya: huyu pesa yake inakuja lini, na atarudi lini? Wingi wa mzigo nao una uzito, ila huko sisi wa maduka ya mtaani hatufui dafu. Pembeni yako amesimama mfanyabiashara wa Lubumbashi au Comoro anayebeba katoni 200, wewe umekuja na hela ya katoni 5. Lakini yeye ataonekana tena baada ya miezi, wewe utakuja Jumanne ijayo, na Jumanne ya baada yake. Hicho ndicho cha kuweka mezani. "Shikamoo mama. Kila Jumanne nachukua tano na nalipa hapohapo, naomba unifanyie bei ya mteja wako" inafika mbali kuliko "punguza kidogo basi" ya mtu asiyejulikana atokako.

Panapotuumiza wengi ni mali kauli. Unachukua mzigo leo kwa neno lako tu, unalipa ukishauza. Kuaminiwa hivyo ni heshima kubwa, na bila mali kauli duka langu lisingefunguliwa. Ila ile tofauti ya 40,000 na 41,000 mara nyingi imejificha humo. Tuseme umepewa siku 14. Shilingi 1,000 kwa wiki mbili unaiona ni hela ya chai na chapati. Sasa hesabu vipindi vya siku 14 kwenye mwaka: ni 26. Ukichukua katoni moja kwa mtindo huo mwaka mzima, umelipa 26,000 kwa kutumia 40,000 ya mwenzako, yaani asilimia 65. Ungeambiwa hiyo ni riba ya benki, usingetia saini.

Siku hizi nauliza bei mbili kabla ya kugusa mzigo: taslimu ngapi, mali kauli ngapi? Bidhaa inayoisha ndani ya siku tatu, kama sukari, nailipia taslimu, kwa sababu pesa yangu inarudi kabla sijaikumbuka. Bidhaa ngeni ambayo sijui kama mtaa utaipenda, hiyo nachukua kwa mali kauli hata kwa bei ya juu kidogo. Isipotoka, pesa yangu haijalala, na muuza jumla yumo nami kwenye hatari ileile.

Kuna na ile ya "chukua katoni 10 upewe 1". Masikioni inalia asilimia 10, kumbe umelipia 10 kati ya 11, punguzo ni kama asilimia 9. Na kama ni biskuti, geuza pakiti usome tarehe ya kuisha kwanza. Nyongeza nyingi hutolewa ili stoo ya mtu ipumue. Vijana wa mauzo wanaopita mitaani na kirikuu, vile vigari vidogo vya mzigo, nao wana malengo ya mwezi ya kufikisha. Tarehe 28 watakusikiliza kuliko tarehe 5. Wakikataa kushusha bei, omba wakubadilishie zisizouzika kabla hazijaisha muda, na jibu waliandike kwenye karatasi.

Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari lilinipatia nafuu. Siku moja nililifungua mbele ya mama mmoja wa jumla, nikamwonyesha nilichonunua kwake kwa miezi mitatu, Jumanne kwa Jumanne. Akavaa miwani, akashuka na kidole mstari hadi mstari. "Kumbe ni wewe mwanangu unayenimalizia hii sabuni!" Nikaomba anitolee 500 kwa kila katoni. Akatikisa kichwa: hapo anabaki bila kitu. Nikamuuliza, gari lake la mzigo linapita Mbagala? Akasema kila Alhamisi, na linakwenda likiwa na nafasi.

Bajaji ya kutoka Kariakoo ilikuwa inanila 6,000 kwa katoni tano, yaani 1,200 kila moja. Kwake kuzipakia hizo tano hakukuongeza hata lita ya mafuta. Nikahamisha oda yangu kutoka Jumanne kwenda Alhamisi, na bei ya katoni hatujaigusa mpaka leo.