siRNA: jeni inanyamazishwaje bila kuguswa

Ukisikia kwamba jeni "imenyamazishwa", ni rahisi kudhani kuna mtu aliyeingia kwenye DNA akakata kipande. Kwa siRNA, vipande vifupi vya RNA (molekuli inayofanana na DNA) vinavyonyamazisha jeni, haiwi hivyo. Jeni inabaki pale pale kwenye kiini cha seli, nzima kabisa, na inaendelea kutoa maagizo yake kama kawaida. Kinachoharibiwa ni barua inayobeba maagizo hayo. Kwa hiyo jina lenyewe linapotosha kidogo: jeni inasema, ila haisikiki.

Barua hiyo ni mRNA, yaani RNA mjumbe. Seli inapohitaji protini fulani, hunakili jeni husika kuwa mRNA, nayo hutoka kwenye kiini na kwenda kwenye ribosomu, ambako husomwa na protini kutengenezwa. Ikichanwa kabla haijasomwa, protini haitengenezwi. Kazi ya siRNA, kirefu chake RNA ndogo inayoingilia kati, ni kuhakikisha barua fulani tu inachanwa na nyingine zote zinapita salama.

siRNA ni kipande kifupi cha RNA chenye nyuzi mbili, kila uzi ukiwa na nyukleotidi, yaani herufi za RNA (A, U, G na C), kama 21 hadi 23. Huo uwili ndio wa kuangaliwa. mRNA ina uzi mmoja. RNA ndefu ya nyuzi mbili huipa seli shaka, kwa sababu virusi wengi huiacha wanapozaliana. Kimeng'enya kiitwacho Dicer huikatakata kuwa vipande vifupi, na vipande hivyo ndivyo siRNA. Kila kimoja hupokelewa na kundi la protini liitwalo RISC, ambalo moyo wake ni protini ya Argonaute. Hapo uzi mmoja hutupwa na wa pili hubaki kama kielelezo. RISC huzunguka na kielelezo hicho ikikilinganisha na mRNA inazokutana nazo: A hushikana na U, G hushikana na C. Herufi zikilingana mwanzo hadi mwisho, Argonaute hukata mRNA hiyo katikati, na vimeng'enya vingine humalizia mabaki.

RISC haitumiki mara moja ikaisha. Ikishakata mjumbe mmoja, humwachia na kumtafuta mwingine kwa kielelezo kile kile. Hii ndiyo sababu kiasi kidogo cha siRNA huweza kupunguza protini kwa muda mrefu.

Dalili za kwanza zilionekana kwenye maua. Mwaka 1990 watafiti waliokuwa wakitaka petunia zenye zambarau iliyokolea waliziongezea jeni ya rangi, na baadhi zikachanua nyeupe. Jeni iliyoongezwa ilikuwa imezima hata ile ya asili. Maelezo yaliyoeleweka yalikuja mwaka 1998, pale Andrew Fire na Craig Mello walipoonyesha kwenye mnyoo mdogo wa C. elegans kwamba anayenyamazisha ni RNA ya nyuzi mbili. Walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2006. Lakini kwa upande wa dawa, nadhani hatua kubwa zaidi ni ya mwaka 2001. RNA ndefu ya nyuzi mbili ikiingia kwenye seli za binadamu huamsha interferoni, protini za kujikinga na virusi, na seli huzima karibu kazi zake zote. Kundi la Thomas Tuschl lilionyesha kwamba vipande vya nyukleotidi 21 vilivyotengenezwa maabara hunyamazisha jeni iliyokusudiwa bila kuzua vurugu hiyo.

Baada ya hapo ikadhaniwa dawa zingefuata upesi. Hazikufuata. Kuandika siRNA ya kulenga jeni ni kazi nyepesi ukilinganisha na kuifikisha ndani ya seli. Ikiwekwa tupu kwenye damu, vimeng'enya huimeng'enya na figo huichuja. Ni kubwa mno na ina chaji hasi, hivyo haipenyi utando wa seli. Hata ikimezwa na seli, hubaki imefungiwa kwenye kifuko na ni sehemu ndogo tu inayoponyoka.

Njia mbili zilifanikiwa, na zote zinaelekea kwenye ini. Ya kwanza ni kuifunga siRNA ndani ya vitone vidogo mno vya mafuta. Ndivyo ilivyo kwa patisiran, dawa ya kwanza ya aina hii kuidhinishwa nchini Marekani, mwaka 2018. Hutibu ugonjwa wa kurithi ambapo protini ya transthairetini, inayotengenezwa hasa na ini, hujikunja vibaya na kurundikana kwenye neva. Njia ya pili ni kuipachika siRNA sukari iitwayo GalNAc, ambayo seli za ini zina kipokezi chake kwa wingi. Pamoja na mabadiliko ya kikemia yanayoifanya iwe ngumu kumeng'enywa, sindano ya chini ya ngozi inatosha. Inclisiran hutumia njia hii kuzima PCSK9, protini inayopunguza uwezo wa ini kuondoa kolesteroli mbaya kwenye damu. Baada ya dozi mbili za mwanzo, sindano ni moja kila miezi sita, na kolesteroli hiyo hushuka kwa karibu nusu.

Ubongo, moyo na uvimbe wa saratani bado ni vigumu kuvifikia. Tena siRNA hupunguza tu: mgonjwa ambaye mwili wake hautengenezi protini fulani hawezi kurudishiwa protini hiyo moja kwa moja kwa njia hii. Kuna pia hatari ya kukosea anwani, kwani herufi chache za mwanzo wa kielelezo zikilingana na mRNA nyingine, hiyo nayo huweza kudhoofishwa.

Kwa kuwa DNA haiguswi, athari huisha siRNA inapokwisha. Lakini kwisha huko hakuharakishwi. Anayemeza vidonge akipata madhara huacha kumeza. Aliyechomwa sindano ya miezi sita hana cha kuacha, dozi imeshakaa kwenye ini.